Mzazi, usisubiri presha ikuangushe ndipo uanze kutembea

Foleni ya kliniki ya presha huanza mapema. Saa moja asubuhi mabenchi yameshajaa, kila mgonjwa na daftari lake mkononi, wengi wao wakiwa wazee waliosindikizwa na watoto au wajukuu. Miongoni mwa wasindikizaji yumo mama wa miaka 41, mkazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam, mwenye watoto watatu. Amemleta mama yake mzazi, ambaye mkono wake wa kulia haujarudi sawasawa tangu alipopata kiharusi.

Nesi anamaliza kumpima bibi, kisha anamgeukia aliyemleta.

"Na wewe mama, lete mkono."

"Mimi siumwi, nesi. Nimemsindikiza bibi tu."

"Hata bibi alikuwa haumwi. Lete mkono."

Mashine inaonyesha 148 kwa 94. Anapumzika dakika kadhaa, anapimwa tena, namba hazishuki. Nesi anamwambia arudi wiki inayofuata, kwa kuwa kipimo cha siku moja hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa. Anamwongezea yale maneno ambayo kila mtu ameshayasikia: apunguze chumvi, ale vizuri, afanye mazoezi.

Mama huyu si mtu mmoja. Yumo katika nyumba nyingi za mjini, na nyumba nyingine ni baba. Kadi za kliniki za watoto zimehifadhiwa kabatini ndani ya mfuko wa plastiki, na tarehe za chanjo anazijua kwa kichwa. Namba za presha yake mwenyewe hakuwahi kuzijua hadi asubuhi hiyo.

Shinikizo la damu haliumi. Mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi akipika, akipanda daladala, akicheza harusini, huku likiharibu taratibu mishipa ya moyo, figo na ubongo. Kwa kawaida madaktari huliita ugonjwa vipimo vinapofika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti. Wapo ambao dalili yao ya kwanza huwa ni kuanguka. Na mzazi akianguka, haanguki peke yake: kuna ada za shule, kuna mtoto wa darasa la pili, na katika nyumba hii kuna bibi anayehitaji kushikwa mkono ili afike bafuni.

Tatizo ni lile neno "mazoezi". Linapotamkwa, mama anaona ukumbi wenye vioo na mashine, ada ya kila mwezi, viatu vya bei na watu wanaoruka. Anajua hana fedha wala muda wa mambo hayo, kwa hiyo ushauri unaishia palepale kwenye benchi la kliniki.

Konda na dereva

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris alichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji la London. Kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva aliyekaa kwenye kiti zamu nzima, na konda aliyekuwa akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Kwa siku moja ya kazi konda alipanda mamia ya vidato.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kwamba makonda walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva. Hata kwa wafanyakazi wa posta ilikuwa hivyohivyo: waliopeleka barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko wenzao waliokaa ofisini.

Lakini je, huenda madereva walikuwa wanene tangu siku ya kuajiriwa? Morris na wenzake wakaenda kuangalia kumbukumbu za sare, wakakuta kweli suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi tangu mwanzo. Kwa hiyo si kila kitu kilitokana na ngazi. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha jambo lilelile: mwili unaotembea kila siku huulinda moyo. Morris mwenyewe aliendelea na mazoezi hadi uzeeni, akafariki dunia mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Konda yule hakuwa na mwalimu wa mazoezi wala saa maalumu. Alikuwa kazini. (Konda wa daladala anayening'inia mlangoni ni habari nyingine; moyo wake huenda uko salama, miguu yake haiko.)

Dakika 22

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kila wiki. Dakika 150 zikigawanywa kwa siku saba ni kama dakika 22 kwa siku. Zamani ilisemwa kwamba ni lazima zije kwa vipande visivyopungua dakika 10. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo: hata dakika tano za kupanda ngazi zinahesabiwa.

Hiyo ni habari njema kwa mtu anayeamka saa kumi na nusu alfajiri kuandaa watoto, anayekaa dukani kutwa nzima na kurudi saa moja jioni akiwa na mfuko wa nyanya. Hawezi kupata saa nzima. Ila anaweza kushuka kituo kimoja kabla ya chake asubuhi, kukiwa kumekucha, na kumalizia kwa miguu. Anaweza kusimama na kuzunguka dukani kila baada ya wateja kadhaa badala ya kuganda kwenye kiti. Baada ya chakula cha usiku anaweza kutembea uani au kwenye barabara ya mtaa kwa dakika kumi. Kutembea baada ya kula kuna faida ya pekee kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari iliyoingia kwenye damu.

Wastani maana yake nini? Kipimo chake hakihitaji mashine. Anayetembea akiweza kusimulia habari lakini akashindwa kuimba taarabu, amefika. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akishindwa hata kuongea, apunguze.

Wengi wamesikia kuhusu hatua 10,000 kwa siku, na simu huwakumbusha kila jioni kwamba hawajafika. Namba hiyo haikutoka hospitali. Ilianzia Japani mwaka 1965, kifaa cha kuhesabia hatua kilipoingizwa sokoni kwa jina lenye maana ya "kipimo cha hatua elfu kumi". Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wenye umri mkubwa nchini Marekani ulionyesha kuwa waliotembea karibu hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida ilikoma kuongezeka kwenye hatua 7,500 hivi. Anayeanza na 3,000 asikate tamaa kwa sababu ya 10,000.

Siku mbili kwa wiki misuli nayo inahitaji kazi. Kuketi kwenye kiti na kuinuka bila kushika popote, mara kumi, kupumzika, na mara kumi tena, ni zoezi tosha kwa mapaja. Kusukuma ukuta kwa mikono miwili ni jingine. Yote hufanyika maji ya ugali yakichemka.

Mjamzito naye hakatazwi, ikiwa daktari au mkunga hajaona tatizo. Kutembea ni miongoni mwa mambo yanayomfaa. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge aulize kwanza kliniki, kwani sukari inaweza kushuka njiani, na avae viatu vilivyofunika vidole. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida si mambo ya kuvumilia. Ni ya kusimama na kwenda hospitali. Na aliyeandikiwa dawa za presha asiziache eti kwa sababu ameanza kutembea. Wa kupunguza dawa ni daktari.

Kuna wasiohusika na somo hili. Mama wa kijijini anayelima tangu alfajiri, akateka maji na kubeba kuni, ameshamaliza dakika zake kabla jua halijawa kali. Kumwambia aongeze mazoezi ni dhihaka. Yeye anahitaji mapumziko, na chakula cha kutosha.

Maneno ya mtaani

Kwa wengi kizuizi kikubwa si muda. Ni macho ya watu. Mtu akipungua kilo tatu uswahilini, haulizwi amefanyaje. Anaulizwa amepatwa na nini.

"Shoga, mbona umekonda hivyo? Baba watoto hatoi matumizi?"

Baba naye akionekana anatembea kwa miguu jioni ataulizwa kama gari limeuzwa. Kitambi bado kinahesabiwa kuwa cheti cha maisha mazuri, na mke aliyenona ni sifa kwa mumewe. Waliozungumza hivyo hawana nia mbaya. Wanakumbuka miaka ambayo kukonda kweli kulimaanisha njaa au maradhi. Lakini neno moja la aina hiyo linatosha kumrudisha mtu ndani, na wapo walioacha kabisa baada ya wiki mbili kwa sababu ya jirani mmoja.

Dawa yake ni kutokuwa peke yako. Wanawake wawili wanaotembea pamoja wakipiga soga hawaulizwi chochote. Wanaonekana wanakwenda mahali. Ni usalama pia, hasa kwenye barabara zisizo na njia ya watembea kwa miguu, ambako ni vyema kutembea mkitazamana na magari yanayokuja.

Vikundi vya jogging vimeenea Dar es Salaam, na Jumapili alfajiri barabara hujaa fulana za rangi moja na nyimbo. Vinasaidia, hasa kwa kuwaondolea watu aibu. Ila mbio za Jumapili moja haziwezi kulipia siku sita za kukaa, sembuse zinapoishia kwenye supu ya kongoro, chapati tatu na soda.

Nusu saa kwa soda moja

Hapo ndipo hesabu huwashinda wengi. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi nusu saa hutumia takribani kalori 150. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inazirudisha karibu zote, na huchukua dakika tano kuinywa. Kutembea kunasaidia presha, moyo, usingizi na sukari hata bila kupungua uzito, lakini hakufuti kilichopo mezani.

Siku ya mama wa Mbagala huanza na chai yenye vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili. Mchana ni chipsi mayai na soda. Saa kumi chai tena, vijiko vitatu. Usiku ugali wa sembe, mboga kidogo pembeni, na kabla hajakaa kula chake ameshamalizia viporo vya watoto jikoni ili visimwagwe.

Chupa ile ya soda ina takribani vijiko tisa vya chai vya sukari. Pamoja na chai mbili ni vijiko 15, bila kuhesabu maandazi. WHO inataka sukari ya kuongezwa isizidi vijiko kama 12 kwa siku kwa mtu mzima, na ingependelea sita. Hana haja ya kuacha chai. Akitoka vijiko vitatu hadi viwili kwa wiki mbili, kisha kimoja na nusu, ulimi utazoea. Baada ya mwezi mmoja au miwili chai ya zamani itamchefua. Soda ikibaki kuwa ya Jumapili, ameshaondoa sehemu kubwa bila kugusa chakula chochote.

Chumvi ni ngumu zaidi kwa sababu haionekani. Kiwango kinachopendekezwa ni chini ya gramu tano kwa mtu mzima kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na ndani yake imo ile ya mkate, ya samaki waliotiwa chumvi na ya vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi. Njia rahisi ya kujipima ni kuandika tarehe kwenye pakiti siku inapofunguliwa. Katika familia ya watu sita, pakiti ya nusu kilo haipaswi kwisha kabla ya siku 16, na kwa kuwa watoto wanahitaji kidogo kuliko wakubwa, ingedumu zaidi. Nyumba nyingi zitashangaa. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na pilipili hufanya kazi nzuri ya kuziba pengo, na kopo la chumvi likiondolewa mezani hakuna atakayekufa.

Ugali hauna kosa. Kosa ni mlima wenyewe, pamoja na kukobolewa. Unga wa dona unabaki na pumba na kiini cha mahindi, kwa hiyo una nyuzinyuzi na vitamini nyingi kuliko sembe, na unashibisha mapema. Lakini dona inataka mahindi yaliyokaushwa vizuri na yasiyo na ukungu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, na kukoboa ni moja ya njia za kuipunguza sumu hiyo. Anayenunua mahindi achague punje nzima, atupe zilizooza na kubadilika rangi, na asisage yaliyonyeshewa. Asiyeiamini dona ya mtaani anaweza kuchanganya sembe na ulezi au mtama, au kubadilisha ugali kwa viazi vitamu na mihogo siku mbili tatu za wiki.

Jambo la maana ni kugeuza uwiano. Mboga za majani zijaze nusu ya sahani, ugali au wali robo, maharage, dagaa, samaki, mayai au nyama robo iliyobaki. Mchicha, matembele na majani ya kunde ni vya bei nafuu karibu kila soko. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vya kutosha, kwa kuwa kibichi kina sumu. Mboga laini zisichemshwe hadi zikate tamaa. Dakika chache zinatosha. Zikikamuliwa ndimu wakati wa kula, mwili hupata madini ya chuma kwa urahisi zaidi. Chai ikinywewa papo hapo na chakula huyazuia, ndiyo maana ni vyema isubiri kama saa moja.

Dagaa wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Wakiliwa wazima na mifupa yao hutoa protini, chuma na kalisi kwa mpigo, na kwa mtoto anayekua ni bora kuliko soseji. Waliokaushwa kwa chumvi waloekwe na kuoshwa kwanza. Mafuta yapimwe kwa kijiko cha chakula, si kwa kuinamisha dumu na kukadiria kwa jicho.

Na bei? Kwa mama ntilie, sahani ya ugali, maharage na mchicha kwa kawaida haizidi bei ya chipsi mayai na soda. Katika familia nyingi za mjini chakula kinachoharibu afya ndicho kinachokula bajeti.

Watoto wanatazama

Waliosoma shule za msingi za Tanzania wanakumbuka mchakamchaka: foleni, kiongozi mbele, nyimbo, vumbi, kisha usafi na darasani. Hakuna aliyeuita mazoezi ya moyo. Leo mtoto wa mjini huchukuliwa na basi la shule kukiwa bado giza, hurudi jioni, hufanya kazi za nyumbani na kukaa mbele ya runinga au simu. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa saa nzima ya kuchangamsha mwili kila siku. Rede, kuruka kamba, chandimu na baiskeli vyote vinatosha. Kinachokosekana ni uwanja, na mzazi anayekaa nje kuwatazama.

Watoto hawafuati hotuba. Baba anayewaambia wale mboga huku sahani yake ni nyama na ugali mtupu anapoteza pumzi. Katika nyumba ya Mbagala, mabadiliko yanaanza kwa kitu kidogo: mama amerudi kliniki, kipimo cha pili nacho kiko juu, daktari amemwandikia dawa, naye ameamua kutembea baada ya kula. Mtoto wa mwisho anataka kwenda naye. Bibi, ambaye aliambiwa atembee tangu siku alipotoka wodini na hajawahi kupita geti, anaomba fimbo yake.

Wanatoka watatu, polepole kwa sababu ya bibi, mtoto akiwa amemshika mkono wa kushoto. Kwa bibi hiyo ni safari. Kwa mama bado si mwendo wa kutosha, na atamaliza dakika zake kwa kuzunguka mara mbili zaidi baada ya kumrudisha. Wanafika dukani kwa Mangi, wanageuka. Mtoto anaona friji, anaomba soda.

"Jumapili," anajibu bibi.